Namna ya kuzipambanisha nyimbo za James Bond: kopi, demo na zile zilizotupwa

Nimepiga kinanda katika hoteli za Diani, pwani ya Kenya, miaka kumi na tisa, na sikumbuki wiki iliyopita bila mzungu mmoja kunijia na glasi mkononi akitaka "Goldfinger", mmoja wa nyimbo za filamu za jasusi James Bond. Kupiga kopi ndiyo kazi inayonilisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza "Live and Let Die" ipi kali, ya Wings au ya Guns N' Roses, simjibu papo hapo. Namwambia avae hedifoni, kisha namuuliza mimi: hiyo uliyonayo ni nini hasa?

Swali hilo limenigharimu. Miaka ya tisini nilinunua kaseti ya nyimbo za picha za kijasusi, jalada lina bastola na msichana, ndani zimepangwa zote tangu 1962. Bendi nzima niliifundisha kutoka kaseti ile. Usiku mmoja mzee Mwingereza akanisubiri hadi mapumziko, akaniambia kwa upole kwamba mwisho tunaoupa "Diamonds Are Forever" hajapata kuusikia popote duniani. Nikambishia, tena kwa sauti. Kesho yake akaniletea ya Shirley Bassey mwenyewe, mwimbaji wa kwenye filamu, ya 1971. Nilitamani ardhi inimeze. Kaseti yangu ilikuwa kazi ya waigaji wa studio, na maandishi ya kusema hivyo yalikuwepo nyuma ya jalada, madogo kama mayai ya chawa. Miaka yote ile nilikuwa napiga kopi ya kopi.

Siku hizi mtego umehamia YouTube. Utakuta video imeandikwa "wimbo uliokataliwa wa Bond", kumbe ni kijana na kompyuta yake chumbani. Kwa hiyo kabla hujasikiliza chochote, fungua daftari uandike mambo matatu kwa kila rekodi: nani anaimba, mwaka gani, na ni ya aina gani. La tatu ndilo watu huliruka. Wimbo uleule ukiimbwa na mwingine baadaye, hiyo ni kopi: Wings wa Paul McCartney walitoa "Live and Let Die" 1973, Guns N' Roses wakaurudia 1991. Wimbo uleule ukiimbwa na mtunzi kabla haujamfikia mwimbaji wa filamu, hiyo ni demo. Halafu kuna wimbo mwingine kabisa, tuni nyingine, watunzi wengine, ila jina ni la filamu ileile, nao ukakataliwa. Blondie wana "For Your Eyes Only" yao kwenye albamu ya 1982. Haina undugu wowote na ile ya Sheena Easton iliyotangulia kwenye filamu mwaka mmoja kabla. Ukizipambanisha hizo mbili kama asili na kopi, umeweka biriani na pilau kwenye mizani kwa sababu tu vyote ni wali. Na Robbie Williams katika "Millennium" ya 1998? Alichukua fidla za "You Only Live Twice" akajengea wimbo wake. Hiyo weka pembeni, si kopi wala si iliyokataliwa.

Kama hujawahi kufanya kazi hii, anza na wimbo unaoujua hadi usingizini. Chukua "Malaika": ya Fadhili William, ya Miriam Makeba, ya Boney M. Usiulize ipi tamu. Sikiliza kila mmoja anavuta pumzi wapi, besi inatembea au imesimama, na kwenye neno "nashindwa" sauti inapanda au inalegea. Andika. Dakika kumi na tano zinatosha, na sikio likishaamka ndipo uende kwa Bond.

Sasa jambo la kinanda. Kama huna kinanda, pakua programu ya piano kwenye simu. Shika E na G zibaki chini, hizo usizitoe. Kidole kingine kipige B, kisha C, kisha kile cheusi kinachofuata C, kisha rudi C. Zungusha polepole. Wanakwaya wenzangu: mi, fa, fe, fa, juu ya la ndogo iliyotulia. Mpwa wangu alipofanya hivyo mara ya kwanza, zungusho la pili tu alicheka akasema, "Mjomba, mtu anakuja na bunduki!" Ndiyo hiyo. Ni utando wa tuni ya Bond ya filamu ya *Dr. No*, 1962, iliyosajiliwa kwa jina la Monty Norman na kupangwa na John Barry, gitaa likapigwa na Vic Flick. Nenda ukasikilize piano inayofungua "Skyfall" ya Adele, ya 2012, halafu uniambie kama kidole hakitambai njia ileile katika ufunguo mwingine.

Nisimalize hapo bila kusema kitu kinachonifurahisha. Norman alieleza kwamba gitaa lile alilitoa kwenye wimbo aliokuwa ameutunga kwa mchezo wa jukwaani, kutoka riwaya ya V. S. Naipaul juu ya Bwana Biswas wa Trinidad. Mchezo haukupanda jukwaani, wimbo ukabaki kabatini, hadi alipougeuza. Kwa hiyo mama wa nyimbo zote hizi mwenyewe ni kiporo kilichopashwa moto.

Ukishazijua sauti nne hizo, zitafute katika kila rekodi. Zikiwepo, mtunzi anapiga hodi mlangoni kwa Bond. Zisipokuwepo, uliza amebisha hodi kwa nani. Johnny Cash alituma wimbo wa "Thunderball" kwa filamu ya 1965, na mimi kila nikiusikiliza naona farasi na vumbi. Ni wimbo mzuri wa wachunga ng'ombe. Picha yenyewe inahusu mabomu ya nyuklia chini ya bahari.

Hatua inayofuata ni pumzi, na hapa demo ndiyo mwalimu. "Goldfinger" ya 1964: tuni ya John Barry, maneno ya Leslie Bricusse na Anthony Newley. Newley aliuimba kama demo, nayo haikutolewa hadi 1992. Tafuta zote mbili, ya Newley kwanza. Anaimba kama mtu anayekunong'oneza siri mbaya kwenye basi. Unahisi joto la pumzi yake shingoni. Kisha weka ya Bassey. Maneno yaleyale, tuni ileile, lakini sasa matarumbeta yamefungua milango na mwanamke amesimama katikati akikuonya kwa sauti ya kusikika hadi Likoni. Bassey mwenyewe amesimulia kwamba noti ya mwisho ilimshinda mpaka akavua sidiria nyuma ya pazia la studio, ndipo kifua kikapata nafasi.

Basi fanya hivi. Simama, weka saa ya simu tayari, cheza noti ile ya mwisho na uishike naye. Utaishiwa kabla yake. Kisha rudia kwa kopi yoyote uliyoipata. Wengi wa wanaorudia wimbo huu hukatisha noti mapema na kuwaachia matarumbeta wamalize, na wasikilizaji hawajui kwa nini wamebaki na njaa. Mwimbaji wetu wa kwanza alifanya hivyo kila usiku. Nilimsema sana, Mungu anisamehe, mpaka nilipojaribu mwenyewe bafuni.

Pumzi hiyohiyo ndiyo ya "Thunderball" ya Tom Jones, aliyesema kwamba aliishikilia noti ya mwisho macho yamefumbwa, alipoyafumbua chumba kinazunguka. Lakini jihadhari: si kila unachosikia ni pumzi moja. "You Only Live Twice" ya Nancy Sinatra, 1967, iliunganishwa kutoka rekodi zipatazo 25, mstari huu kutoka hapa, ule kutoka pale. Ukichukua kopi iliyoimbwa jukwaani mara moja ukasema haina ulaini wa Nancy, umelinganisha kitambaa na mshono. Björk naye aliuimba na mtunzi David Arnold, wakati Arnold akitengeneza albamu yake ya 1997 ya kuzirudia nyimbo za Bond, ila haukuingia kwenye albamu. Ukiupata, usikilize kwa masikio yake, usimtafute Nancy ndani yake.

"Live and Let Die" nimeahidi. Harry Saltzman, mtayarishaji, alipochezewa rekodi ya Wings alidhani ni demo. Akamuuliza George Martin, aliyeisimamia rekodi hiyo, nani sasa ataimba. Kichwani alikuwa na mwimbaji wa kike. Mwishowe McCartney akabaki kwenye majina ya mwanzo, yale ya waigizaji na watengenezaji yanayopita filamu inapoanza, na katikati ya filamu B. J. Arnau akauimba wimbo uleule klabuni kwa mwendo wa soul. Yaani filamu imejibebea kopi yake yenyewe, ndani, na watu huenda kuitafuta kwingine! Linganisha hizo mbili kwanza. Halafu ndipo Guns N' Roses, na usisikilize mayowe. Nenda moja kwa moja kwenye kile kipande cha katikati kinachogeuka rege. Hapo ndipo bendi hupimwa. Kwa Wings rege ile ni utani, kama mtu anayekonyeza jicho. Kwa wale wa 1991 ni mzigo unaotupwa kutoka kwenye lori. Sisi Diani tukifika hapo mpiga ngoma huamka hata kama alikuwa amelala, na wageni wanaotoka kwenye samaki wao wanaanza kutikisa mabega. Kwa hukumu yangu ya Wings inashinda, kwa sababu hawakusisitiza.

Tuje kwenye zilizokataliwa, na hapa naomba uwe na televisheni. Wimbo wa Bond haukutungwa kusikilizwa peke yake. Umetungwa kubeba dakika tatu hivi za majina, vivuli, wanawake na moto. Kwa hiyo zima sauti ya televisheni, weka majina ya mwanzo ya filamu, na kwenye simu cheza wimbo uliotupwa. Jaribu na *Spectre* ya 2015. Wimbo uliotumika ni "Writing's on the Wall" wa Sam Smith, ulioshinda Oscar. Radiohead walikuwa wamependekeza "Man of War", wimbo wao wa zamani, ukaonekana haufai kwa Oscar kwa kuwa haukuandikiwa filamu. Wakatunga mwingine, "Spectre", ukakataliwa kwa huzuni yake, nao wakaumwaga mtandaoni bure siku ya Krismasi.

Nilifanya hivyo sebuleni na mpwa wangu, bando lake, televisheni yangu. Mara ya kwanza ya Radiohead ilitushika wote. Pweza wa kwenye picha anajikunja, fidla zinapanda, sauti ya mwimbaji wao Thom Yorke inaelea kama moshi wa udi. Mpwa akasema hawa wamedhulumiwa. Nikamwambia turudie, safari hii usiangalie pweza, angalia majina ya watu yanavyoingia na kutoka. Tukaona kitu. Majina yanaingia na wimbo haujali, hauna mahali unapokuambia "sasa!", hauna mlango wa kufunguka. Wa Smith, ambao mimi siupendi, ile sauti nyembamba inanichosha, una mlango huo. Fidla zinajikusanya, kimya, kisha kiitikio. Mpwa hakukubali. Anasema filamu nzima ilipaswa kufuata wimbo, si wimbo kufuata filamu. Ana hoja. Tuliandika zote mbili daftarini.

Sasa lile ninalolipenda kuliko yote, na ambalo watu wengi hawalijui: wimbo uliokataliwa mara nyingine haukuondoka. Umekatwa kichwa tu, mwili umo ndani ya filamu.

Rudi *Thunderball*, 1965. Barry na Bricusse walikuwa wametunga "Mr. Kiss Kiss Bang Bang", jina ambalo Waitaliano walikuwa wamempachika Bond. Ukarekodiwa na Bassey, ukarekodiwa pia na Dionne Warwick. Barry akaendelea kuandika muziki wa filamu akiusuka kutoka tuni hiyo. Halafu mabwana wenye fedha wakaingiwa wasiwasi: wimbo haulitaji jina la filamu. Barry na Don Black wakatunga "Thunderball" haraka haraka, Black akihangaika na neno lisilo na maana, na Tom Jones akaliimba kana kwamba analijua. Zile rekodi mbili za wanawake zikakaa kabatini hadi 1992, zikatoka pamoja na demo ya Newley.

Fanya kazi hii kwa mpangilio huu. Kwanza sikiliza Warwick mara tatu, mpaka uweze kuupiga mluzi ukiosha vyombo. Siku ya pili Bassey. Utaona Warwick anatembea kwa raha kama mtu anayejua anatazamwa, Bassey anaingia kama anakuja kudai deni. Mimi nampa Warwick, maana wimbo wenyewe ni wa kunyata. Siku ya tatu itazame filamu nzima, kalamu mkononi, na kila ukisikia tuni ile andika dakika. Usitegemee mtu aiimbe. Itakuja kwa saksafoni, itakuja kwa fidla imepunguzwa mwendo, mahali pengine ni sauti tano tu za mwanzo kisha zinapotea. Fika hadi klabu ya usiku ya Nassau, pale Bond anapocheza na yule mwanamke mwenye nywele nyekundu. Soma jina la klabu. Kiss Kiss. Mara yangu ya kwanza nilisimamisha filamu nikamwita mama watoto kutoka jikoni aje aone. Alikuja na mwiko, akaangalia, akarudi.

Halafu nenda *Tomorrow Never Dies*, 1997, ambako jambo lilelile lilitokea upya miaka thelathini na miwili baadaye. David Arnold aliandika wimbo wa filamu, akamweka mwimbaji k.d. lang, akausuka kwenye muziki wote. Wakubwa wakataka jina kubwa zaidi sokoni, wakamchukua Sheryl Crow na wimbo wake mwingine. Wa lang ukabadilishwa jina kuwa "Surrender" na kusukumwa mwisho, majina yanapopita na watu wanatafuta viatu vyao. Hapa kipimo ni rahisi: hesabu. Gawa ukurasa mara mbili, tuni ya Crow kushoto, ya lang kulia, na weka alama kila moja inapotokea kwenye muziki wa mapigano na wa mapenzi. Ukurasa wangu upande wa kulia umejaa. Kushoto ni kama shamba la mihogo wakati wa kiangazi. Ndipo utaelewa kwa nini wimbo wa Crow, ambao si mbaya, unasikika kama mgeni aliyealikwa harusi ya watu asiowajua.

Kwa hiyo ukikutana na wimbo uliokataliwa usianze na "ulikuwa mbaya kiasi gani?" Uliza ulikataliwa na nani, lini, na muziki wa filamu ulikuwa umeshaandikwa au bado. Alice Cooper alikuwa na "The Man with the Golden Gun" yake tayari kwenye albamu ya 1973, filamu ikatoka mwaka uliofuata na wimbo wa mwimbaji Lulu. Hakuna alama ya Cooper ndani, ni wimbo uliobaki nje ya mlango, na unaweza kuupima kama wimbo tu.

Kuzitafuta nako kuna ujanja wake. Nyingi hujificha kwa majina mengine. Pet Shop Boys walichokuwa wameanza kwa ajili ya *The Living Daylights* walikitoa 1990 kikiwa na jina refu lisilo na Bond hata kidogo, "This Must Be the Place I Waited Years to Leave". Ace of Base waliubadilisha wa *GoldenEye* kuwa "The Juvenile", 2002. Pulp wakauacha wao karibu kama ulivyo, "Tomorrow Never Lies", upande wa pili wa singo ya 1997. Ukitafuta kwa jina la filamu peke yake utaambulia vijana na kompyuta zao.

Jozi moja ya kumalizia wiki, nayo usiifanyie haraka: "We Have All the Time in the World". Louis Armstrong aliuimba kwa filamu ya Bond ya 1969, mgonjwa, hakuweza hata kuipiga tarumbeta yake, akapigiwa. Akafa 1971. Iggy Pop akaurudia kwenye ile albamu ya Arnold ya 1997. Sauti mbili mbovu, kila moja kwa namna yake, na zote mbili hazijaribu kuificha kutu. Sikiliza taa zimezimwa. Sina la kuongeza hapo, kila mtu ataandika lake.

Tangu Januari sisi tumeanza kupiga "Mr. Kiss Kiss Bang Bang" siku za Alhamisi, kwa mwendo wa Warwick. Hakuna aliyewahi kuuomba. Wiki iliyopita meneja aliuliza ule wimbo mpya ni wetu, nikasema wa mwaka 1965, akaniangalia kama namdanganya. Alhamisi ijayo tunajaribu "Surrender". Mwimbaji wetu ameshausikiliza mara moja na kusema, "Fundi, hapo juu nitakufa," kwa hiyo tunaushusha hatua mbili.